Jinsi ya kuomba deni ulilokwisha kulipa liondolewe kwenye taarifa yako ya mikopo

Rejesho la mwisho ulishalipa zamani. Sasa unaomba mkopo benki nyingine, afisa mikopo anafungua mfumo na kukuambia bado unadaiwa. Wengi hukimbilia kampuni ya taarifa za wakopaji kugombana nayo. Mara nyingi wanapoteza nauli, kwa sababu kampuni hiyo haikuandika deni lako, imepokea tu. Aliyeandika ni aliyekukopesha, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kulibadilisha.

Njia ya taarifa ni hii. Benki inatuma rekodi za wakopaji wake kwenye kanzidata (hifadhi ya taarifa) ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT), iliyowekewa kanuni mwaka 2012. Kampuni zenye leseni, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zinachukua humo na kutengeneza ripoti ambayo mkopeshaji mwingine anaisoma. Kosa likianzia benki litaonekana kote, na marekebisho nayo yanafuata njia hiyo hiyo.

Anza kwa kuchukua ripoti yako mwenyewe. Usitegemee maneno ya afisa aliyekukatalia. Omba ripoti kwenye kampuni zote mbili, kwani moja inaweza kuwa na rekodi ambayo nyingine haina. Beba kitambulisho cha NIDA, na kama mkopo ulikuwa wa biashara beba pia TIN na leseni. Ripoti ikitoka, tafuta mstari wa mkopo unaolalamikiwa na unakili mambo manne: jina la mkopeshaji, namba ya mkopo, salio, na siku za kuchelewa. Linganisha pia jina lako, herufi kwa herufi. Ally na Ali, Mohamed na Muhammed, si mchezo: rekodi ya mtu mwingine inaweza kuangukia kwako, au malipo yako yakakosa pa kushika.

Kabla hujashika kalamu, amua unaomba nini, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi yanapokufa. Ukiwa umelipa yote na ripoti bado inaonyesha salio, unadai marekebisho. Ni haki yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakupa nguvu ya kudai taarifa zako zisahihishwe. Lakini ukiwa ulichelewa kweli, ukalipa baadaye, na ripoti inasema hivyo hivyo, kumwambia mkopeshaji afute historia nzima ni kuomba fadhila. Anaweza kukataa bila kukosea. Ushauri wetu: omba kwanza mkopo uandikwe umefungwa, salio sifuri. Mkopo uliochelewa kisha ukafungwa, afisa mikopo anaweza kuujadili na wewe. Ulio wazi hataki hata kuusikia.

Hatua inayofuata ni kuhakikisha kweli deni limekwisha. Usicheke, mara nyingi kuna vishilingi vimebaki. Chukua mfano. Umeomba kumaliza mkopo kabla ya muda, benki ikakupa hesabu Ijumaa: deni la msingi lililobaki ni shilingi 940,000, riba asilimia 18 kwa mwaka. Wewe ukalipa Jumatano. Siku tano hizo zimezaa riba ya takriban shilingi 2,300 ambayo haimo kwenye hesabu uliyopewa. Hujui, benki haijakupigia, na hicho kiasi kinaendelea kuhesabiwa siku za kuchelewa. Zikivuka 90, jina lako linakaa kundi moja na wenye mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, kwa hela ya chai na chapati. Kwa hiyo omba taarifa ya akaunti ya mkopo, si ya akaunti yako ya akiba, na uitazame hadi mstari wa mwisho. Ukikuta kimebaki kitu, kilipe siku hiyo hiyo, na ubishi wa nani alikosea uje baadaye.

Omba pia barua ya kumaliza mkopo, yenye saini na muhuri wa tawi. Stakabadhi za marejesho peke yake hazitoshi: zinaonyesha ulilipa, hazionyeshi ulimaliza.

Sasa barua. Andika ukurasa mmoja, uende kwa Meneja wa Tawi lililotoa mkopo, na nakala makao makuu ya benki. Si lazima Kiingereza. Mwili wake uwe hivi:

"YAH: OMBI LA KUREKEBISHA TAARIFA ZA MKOPO NAMBA ____

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi, ____, mwenye NIDA namba ____, nilikopa shilingi ____ katika tawi lako tarehe ____ na nikamaliza kulipa tarehe ____. Ripoti ya mikopo ya tarehe ____ bado inaonyesha salio la shilingi ____. Naomba (1) mkopo ufungwe kwenye mfumo wenu kwa salio sifuri, (2) taarifa sahihi zitumwe upya kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na (3) nipewe uthibitisho wa maandishi ndani ya siku 14 za kazi. Naambatanisha barua ya kumaliza mkopo, taarifa ya akaunti na nakala ya ripoti."

Ombi la pili ndilo watu husahau. Tawi linafunga mkopo kwenye kompyuta yake, linakwambia "tayari", na hakuna aliyetuma chochote mbele. Siku 14 ni muda tuliouweka sisi kwa sababu unatosha. Bila tarehe barua inalala.

Chapa nakala mbili. Moja unaiacha masijala au kwa katibu wa meneja, nyingine inagongwa muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe na unarudi nayo. Ukiambiwa "iache tu, tutakupigia", usiondoke bila muhuri.

Mikopo ya simu ina vituko vyake. M-Pawa, kwa mfano, inaendeshwa na mtandao wa simu pamoja na benki, kwa hiyo andika kwa wote wawili. Kama laini ilipotea au umeacha kuitumia, nenda na NIDA kwenye duka la mtandao, uliza deni la namba ile, na usilipe kwa kumtumia mtu pesa. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho wenye namba ya muamala.

Kama ulikubaliana kulipa pungufu, mfano 600,000 badala ya 850,000, makubaliano yaandikwe kabla hujatoa hata shilingi, na yataje wazi kwamba kilichobaki kimesamehewa. Neno "kufutwa" lina mtego. Benki ikifuta deni vitabuni, hiyo ni hesabu yake ya ndani. Wewe bado unadaiwa.

Siku zikipita kimya, au jibu likawa halieleweki, peleka malalamiko BoT. Ofisi yao ya Dar es Salaam iko Mtaa wa Mirambo, Posta. Watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa benki yenyewe. Nakala yenye muhuri ndiyo jibu. Ambatanisha kila kitu kwa mpangilio wa tarehe. Kama shida ni taarifa binafsi ambazo mtu amegoma kuzisahihisha, ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mtu akikuahidi mtandaoni kwamba "atakusafishia" jina kwa ada, mwache. Hana ufunguo wa mfumo wowote, na namba yako ya NIDA akishaipata anaweza kukukopea.

Benki ikithibitisha, usikimbilie kuomba mkopo mpya kesho yake. Taarifa hutumwa kwa mafungu, si papo hapo. Subiri mwezi mmoja au miwili, chukua tena ripoti zote mbili, na kama uliweka hati ya nyumba au kadi ya gari kama dhamana, idai siku hiyo hiyo pamoja na barua ya kuiachia.