Kulala ubavu ujauzito ukishakuwa mkubwa: namna ya kupanga kitanda kwa mito miwili, blanketi na doti ya khanga

Kuanzia wiki ya 28, miezi saba kwa hesabu ya mtaani, unapojilaza kuutafuta usingizi, jilaze ubavu. Hata usingizi wa mchana, hata ukirudi kitandani kutoka chooni saa tisa usiku. Wiki zako angalia kwenye kadi ya kliniki, usikisie kwa ukubwa wa tumbo. Kabla ya hapo lala unavyopenda. Hata kifudifudi hakumdhuru mtoto, na tumbo lenyewe litakukatalia wakati wake ukifika.

Sababu ni uzito. Ukilala chali, mfuko wa uzazi na vyote vilivyomo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ambao hupita kando ya uti wa mgongo upande wa kulia. Damu inayorudi hupungua, moyo husukuma kidogo, na kondo la nyuma hupata pungufu. Wapo wanaohisi kizunguzungu, jasho na kichefuchefu, wakageuka wenyewe. Wengine hawahisi chochote. Tafiti za New Zealand, Australia na Uingereza zimeonyesha kuwa kuanza usingizi chali katika miezi mitatu ya mwisho kunaongeza hatari ya mtoto kufia tumboni. Kwa mama mmoja mmoja hatari hiyo ni ndogo, ila kuiepuka hakuna gharama.

Kushoto au kulia? Kushoto husifiwa zaidi kwa sababu ya mshipa huo, na kweli husaidia kiungulia. Lakini kulia nako ni salama. Nyonga ya kushoto ikifa ganzi, geuka. Kugeuka kitandani hakumfungi mtoto kwa kitovu, hata kama jirani anasema hivyo.

Hatua ya 1: Kagua kitanda

Godoro la sponji likishabonyea katikati, utaviringika kuelekea bondeni na kuishia chali. Inua godoro utazame chaga. Iliyovunjika ibadilishe, zilizoachana zisogeze, kisha geuza godoro upande wa kichwani uje miguuni. Likiwa gumu hadi nyonga inauma, tandika blanketi lililokunjwa mara mbili chini ya shuka, kuanzia mabegani hadi magotini.

Lala upande wa nje, si ukutani. Utaamka kukojoa mara mbili tatu, na kumruka mtu gizani na tumbo la miezi minane si mchezo.

Hatua ya 2: Mto wa kichwani

Mmoja tu, unaojaza nafasi kati ya shingo na godoro. Bega likae kwenye godoro, lisipande juu ya mto. Ukiamka mkono umejaa ganzi, mara nyingi kosa ni hilo.

Hatua ya 3: Mto wa magotini

Hapa ndipo wengi hukosea. Huweka kimto chembamba kati ya magoti, goti la juu linateleza mbele hadi kugusa godoro, nyonga zinajipinda, asubuhi kiuno kinauma na lawama anapewa mtoto. Mto unatakiwa kuwa mnene kiasi cha goti la juu kuwa sawa na nyonga, kama sentimita 15 ukishakandamizwa, na ufike hadi kwenye vifundo vya miguu. Mto wa sufi uliojazwa vizuri unafaa kuliko wa vipande vya sponji, ambao hujikusanya pembeni. Mmoja ukiwa mfupi, ongeza blanketi dogo lililokunjwa chini ya kifundo. Kwenye mitumba pale Memorial, Moshi, au Kilombero, Arusha, tafuta mto mrefu. Ufue na uuanike juani hadi ukauke ndani kabisa. Ile mito ya wajawazito yenye umbo la herufi U ni mizuri, lakini haifanyi kazi ambayo blanketi haliwezi.

Hatua ya 4: Kabari ya tumbo

Chukua khanga moja ya doti, ikunje iwe na unene wa sentimita 5 upande mmoja na iishe bapa upande wa pili. Ile ncha bapa isukume chini ya tumbo ukiwa umelala. Inatakiwa ilipokee tumbo bila kulinyanyua. Ukihisi mkandamizo, punguza mkunjo mmoja.

Hatua ya 5: Gogo la mgongoni

Hili ndilo litakalokuzuia kurudi chali. Viringisha blanketi kwa nguvu lipate unene wa sentimita 15 hadi 20, urefu wa kutoka mabegani hadi makalioni, ulifunge kwa vitambaa sehemu tatu. Likifungwa kilegevu, saa nane usiku limeshakuwa chapati. Likiwa nene mno litakusukuma mbele ulilalie tumbo. Likae limegusa mgongo, nawe uegemee kidogo tu. Mume naye anaweza kuwa gogo, ila ni gogo linalohama usiku wa manane.

Ukigundua umeamka ukiwa chali, geukia ubavu na uendelee kulala. Usilie wala usihesabu masaa. Kinachotiliwa mkazo ni mkao wa kuanzia usingizi, kwa sababu ndio unaodumu muda mrefu zaidi.

Hatua ya 6: Chandarua

Mito ikiongezeka, mwili husogea pembeni na mkono au goti hugusa neti. Mbu huuma akiwa nje, hasa ukiwa karibu na mashamba ya mpunga ya Moshi chini. Chomeka neti chini ya godoro baada ya kupanga kila kitu, na uache nafasi ya kiganja kati yako nayo.

Baridi ya Arusha

Juni hadi Agosti, usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kama mkaa umekolea na hautoi moshi. Unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomnyima oksijeni mama na mtoto pia. Jaza maji ya moto kwenye chupa imara, ifunge kwa khanga, uiweke miguuni, si tumboni.

Kiungulia na mishipa ya miguu

Kati ya kula na kulala acha masaa mawili hadi matatu. Mtori mwepesi wa saa moja jioni hauna ugomvi na mtu. Ndizi za kukaanga na nyama choma za saa nne ndizo zitakukesha. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa vipande vya mbao vya sentimita 10 hadi 15. Kurundika mito kichwani hukunja kiuno na kulibana tumbo, tindikali ikapanda zaidi. Usilambe magadi: yana sodiamu nyingi, na ya kaskazini kwetu yana floraidi nyingi pia. Omba dawa kliniki.

Mshipa wa mguu ukikaza usiku, nyoosha goti na uvute vidole kuelekea kwako. Kuvinyoosha vidole kwenda mbele huzidisha maumivu.

Kuamka

Usijikunje kuinuka kama unayefanya mazoezi ya tumbo. Bana magoti pamoja, geuka mwili mzima kwa pamoja, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Kaa ukingoni kama dakika moja kizunguzungu kipite.

Kitandani pa kupimia unaweza kulazwa chali. Dakika chache si tatizo. Ukihisi kizunguzungu sema, uwekewe khanga iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia.

Mtoto akipunguza kucheza au akibadili mtindo wake, usisubiri kupambazuke wala usijaribu kumwamsha kwa soda. Nenda hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo kwa kutokwa damu au maji, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, au viganja na nyayo kuwasha sana usiku. Kadi ya kliniki, tochi na namba ya bajaji anayekubali kutoka usiku vikae mahali mkono unapofika bila kugeuka.