Kabla ya Mimba: Plastiki za Jikoni na Maumbile ya Mtoto wa Kiume

Kwanza wenzi watazame kalenda. Viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume hupata umbo lake mapema mno, takriban kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya ujauzito, korodani changa zinapotoa testosteroni, homoni ya kiume. Hivyo mama wa Bukavu anayesubiri mwezi wa 5 wa mimba ndipo aende CPN, yaani kliniki ya wajawazito, hukuta kipindi hicho kimekwisha kupita. Maandalizi yanapaswa kuanza wakati mimba ingali mazungumzo ya wawili.

Kinachohofiwa zaidi ni ftalati, kemikali za kulainisha plastiki ya PVC. Kwa kuwa hazikushikamana nayo kikemikali, hutoka kidogo kidogo, hasa zikikutana na mafuta au joto. Kwa panya, kiasi kikubwa hupunguza testosteroni ya kijusi, na madume huzaliwa na korodani zisizoshuka au tundu la mkojo likiwa chini ya uume. Kwa binadamu ushahidi si mzito hivyo: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulihusisha ftalati katika mkojo wa wajawazito na ufupi wa nafasi kati ya njia ya haja kubwa na uume wa watoto wao, jambo linaloashiria upungufu wa homoni hiyo, ingawa si ugonjwa.

Sasa jikoni. Si kila sashe, yaani mfuko wa plastiki, ina ftalati, lakini kwa macho hakuna anayeweza kuitambua. Kwa hiyo wali usifunikwe kwa sashe chini ya kifuniko, wala sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zitokazo kwenye mafuta yanayochemka zisitiwe humo, ilhali majani ya migomba hayajaadimika Kadutu, mtaa wa Bukavu. Mawese yahifadhiwe katika chupa ya kioo, na muuzaji aulizwe kama huyapitisha katika mpira laini wa plastiki. Mwili hutoa ftalati nyingi kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo mabadiliko haya huleta nafuu upesi. Dripu ya hospitali, hata kama mfuko wake ni wa PVC, isikataliwe kamwe.

Mtoto akizaliwa, muuguzi aombwe apapase korodani zote mbili. Ikiwa moja haijashuka afikapo miezi 6, apelekwe kwa daktari wa upasuaji, kwani operesheni hupendekezwa ifanyike kabla ya miezi 18.