Jinsi ya kuisoma picha ya manowari mpya ya China

Picha ya meli mpya ikivuja kutoka viwanda vya kuunda meli vya Jiangnan au Hudong-Zhonghua, wengi hukimbilia kuhesabu makombora. Hesabu hiyo iache mwisho. Manowari ina kikomo cha nafasi, uzito na umeme. Kilichoongezwa huku kimepunguzwa kule, na kazi yako ni kutafuta kilikopunguzwa.

Anza na vipimo. Tafuta picha ya setilaiti iliyopigwa kutoka juu, ambayo ndani yake kuna meli unayoijua imefungwa gati lilelile. Frigeti (manowari ndogo ya kusindikiza) ya aina ya 054A ina urefu wa mita 134 na upana wa mita 16. Destroya (manowari kubwa kuliko frigeti) ya 052D ni 157 kwa 17, na destroya ya 055 ni 180 kwa 20. Pima zote mbili kwa pikseli, upate uwiano. Kisha kadiria uzito kwa kuzidisha uwiano wa urefu, wa upana na wa kina kilichozama majini. Jaribu kwa meli zinazojulikana: kutoka 052D kwenda 055, urefu ni mara 1.15, upana 1.18, na kina, kutoka mita 6 hadi 6.6, ni 1.1. Ukizizidisha unapata mara 1.48 au 1.49. Zidisha kwa tani 7,500 za 052D, unapata tani 11,100 hivi. Uzito unaotajwa wa 055 ikiwa imesheheni ni tani 12,000 hadi 13,000. Basi chukulia kwamba njia hii inaweza kukosea hata kwa asilimia 15, kwa sababu haioni unene wa tumbo chini ya maji. Na usipime kina kwenye meli iliyoshushwa majini juzi: haina mafuta wala makombora, inaelea juu mno.

Sasa panda mlingotini, maana hapo ndipo mvutano mkubwa ulipo. Dunia ni mviringo, hivyo rada ikiwa juu zaidi huona mbali zaidi. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha rada kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha kimo cha shabaha, zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita. Kombora linaloruka mita 4 juu ya mawimbi litaonekana na rada ya mita 16 likiwa kilomita 24.7. Ipandishe rada hadi mita 25, litaonekana likiwa kilomita 28.8. Kilomita 4 zilizoongezeka ni sekunde 14 hivi kwa kombora linalokwenda mita 300 kwa sekunde, na sekunde 14 zinaweza kuamua kama meli itapona.

Lakini kila tani inayopanda juu inaifanya meli iende mrama vibaya zaidi, na dawa yake ni kupanua tumbo au kuweka farumi (uzito wa kuituliza meli) chini. Ndiyo maana 052D, yenye nyuso nne kubwa za rada ya 346A, imezibandika kwenye jengo la daraja la nahodha na si kileleni. Frigeti ya 054B ilichagua njia nyingine: rada ya nyuso mbili inayozunguka, nyepesi kiasi cha kuwekwa juu mlingotini. Gharama yake ni kwamba haitazami pande zote kwa wakati mmoja. Upande uliopewa kisogo unasubiri zamu. Kwa frigeti nadhani ni uamuzi mzuri. Destroya inayolinda manowari ya kubeba ndege haiwezi kuukubali, kwani mashambulizi huijia toka pande kadhaa kwa pamoja.

Shuka kwenye bomba la moshi na matundu ya hewa. Tabaini ya gesi, injini inayofanana na ya ndege, huvuta hewa nyingi sana, hivyo matundu makubwa yenye vichungi ni dalili yake. Dizeli hutosheka na madogo. 054A ina dizeli nne na hufika noti 27 (maili za baharini kwa saa). Ukitaka noti 30, nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa uwiano wa 30 kwa 27, yaani asilimia 37 zaidi kwa noti 3 tu. Kwa doria za Ghuba ya Aden, ambako China imekuwa ikisindikiza meli tangu Desemba 2008, dizeli inabana mafuta vizuri. Ubaya wake ni mtetemo, ambao nyambizi huusikia.

Banda la helikopta halipewi uzito unaostahili. Z-9 ni helikopta ya tani 4 hivi. Z-20 ni ya tani kama 10, na sitaha ya 052D za kwanza ilikuwa fupi kwake. Matoleo ya baadaye yakarefushwa kwa mita 4 hivi upande wa tezi (nyuma).

Sasa hesabu visima vya makombora, yaani mashimo ya wima ambamo makombora hurushwa, vifuniko vinane vinane. 055 ina 112: 64 omo (mbele) na 48 nyuma. 052D ina 64. 054A ina 32, na 054B, inayotajwa kuwa ya tani 5,000 hivi, nayo ina 32. Tani karibu 1,000 zimeongezwa bila kisima hata kimoja! Zitafute kwenye banda na mlingoti uliokwisha kuvipima. Kumbuka pia kwamba kifuniko hakikuonyeshi kina. Kisima cha 052D kina kipenyo cha milimita 850 na kinaweza kufika mita 9, yaani kinatoboa sitaha tatu hivi. Ukiona makombora manane ya kupigia meli bado yamelazwa mshazari katikati ya sitaha, kama kwenye 054B, ni dalili kwamba visima vile si virefu.

Miezi kadhaa baadaye, meli ikirudi kutoka majaribio ikiwa imesheheni, tafuta picha ya ubavuni kwenye maji matulivu. Pima kutoka usawa wa maji hadi sitaha ya tezi, kisha rudia hesabu ya kina.