Kumnunulia mtoto nyoka Uingereza: uliza mama yake alitoka wapi

Watoto wetu waliozaliwa huku hawana ile hofu ya nyoka tuliyolelewa nayo sisi. Shuleni wanaletewa nyoka wanamshika, wanajua anakula nini na anajivua gamba vipi, na ipo siku mmoja wao anakuja mezani anadai wa kwake. Naandika kwa mzazi aliyekwisha kukubali. Sheria ninazozitaja ni za England, maana ndiko ninakoishi. Aliyeko kwingine aulize kwanza: Hawaii nyoka wa kufuga ni marufuku kabisa, na Norway kuna orodha ya aina zinazoruhusiwa, isiyokuwemo haifugwi.

Mtego ulionikamata ni huu. Sisi tumezoea kwamba mnyamapori ana mwenyewe, na mwenyewe ni serikali. Tanzania humsogelei chatu bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori, TAWA, Kenya bila cha KWS, na ukikutwa naye huna karatasi unalala ndani. Kwa hiyo mtu wa kwetu akimwona chatu dukani katikati ya mji, taa zinawaka, leseni ya halmashauri imebandikwa ukutani na nyota zake, moyo unatulia. Anajiambia serikali imeshampitia huyu nyoka. Haijampitia. Leseni ile ni ya duka: mkaguzi ameangalia jinsi wanyama wanavyotunzwa pale na kumbukumbu zinavyowekwa, akatoa nyota kati ya moja na tano. Nyoka katoka wapi ni swali lako wewe mnunuzi, na usipouliza hakuna wa kukuulizia.

Kwenye kadi ya bei utaona herufi mbili. CB ni nyoka aliyezaliwa na wazazi wanaofugwa. WC ni aliyekamatwa porini. Kati yao ipo CF, wa shambani, na hapo ndipo watu wanapopigwa, kwa sababu sisi tukisikia shamba tunafikiria mifugo. Wanaotajwa hivyo zaidi ni chatu wadogo wa Afrika Magharibi, ambao Waingereza huwaita royal python. Ghana, Togo na Benin wawindaji wanafukua mashimo na kutoa majike yenye mimba au mayai yenyewe. Mayai yanatotolewa kwenye vituo, kisha makinda wanasafirishwa kwa ndege kuja Ulaya na Marekani. Kinda ametotolewa kituoni kweli, kwa hiyo muuzaji akikwambia "huyu hakukamatwa porini" hujamshika uongo. Aliyekamatwa ni mama yake.

Rudia kusoma hapo. CF si CB. Karibu kila tatizo la nyoka wa kwanza ambalo nimelisikia kwa Waswahili wenzangu hapa limeanzia kwenye hiyo herufi moja.

Wa kwetu aliuzwa kwa maneno matamu: ametotolewa mikononi mwa watu, mpole, anakula vizuri. Akafika nyumbani akakataa kula. Wiki zikapita, panya wa kugandishwa tunamyeyusha, tunamweka, asubuhi tunamtupa. Halafu akaanza kushinda ndani ya bakuli la maji. Nikampitisha karatasi nyeupe ya jikoni mgongoni, ikatoka na nukta nyeusi zinazotembea. Ule ni utitiri wa nyoka, mdogo kama ncha ya pini. Hujibanza kwenye ukingo wa jicho na chini ya kidevu, na nyoka huingia majini kuukimbia. Daktari alipomgeuza tumbo akaonyesha kupe aliyejishindilia chini ya gamba, karibu na njia ya haja, rangi yake ikifanana na gamba lenyewe. Akasema kupe wa namna ile hapatikani sebuleni England, amekuja na mzigo. Ikafuata dawa ya minyoo, dawa ya utitiri, kabati kuoshwa na kila kilichokuwemo kutupwa. Gharama ya daktari ilipita bei ya nyoka mara kadhaa, na mtoto alikuwa analala akilia akidhani yeye ndiye amemdhuru mnyama wake.

Nilirudi dukani. Wakaniletea kadi. Kwa herufi ndogo imeandikwa CF, na chini kabisa, nchi ya asili: Togo. Nikaenda halmashauri, nako nikajibiwa kwa adabu nyingi kwamba nchi ya asili imetajwa kama kanuni zinavyotaka. Hapa niseme ninavyowaona wenyeji wetu. Waingereza ni watu wa maandishi. Kariakoo muuzaji atakuapia kwa Mungu na ukirudi na malalamiko, majirani zake wa duka watamsuta mpaka aone haya. Huku maneno ya mdomoni hayana uzito wowote. Lililoandikwa, hata kwa herufi za kutafuta kwa miwani, linahesabiwa kuwa umeambiwa. Siwaoni kuwa watu wabaya kwa hilo. Lakini mgeni anayesikiliza badala ya kusoma, ataumizwa kila siku, kwenye nyumba, kwenye gari, kwenye simu, na kwenye nyoka.

Basi soma. Kanuni za mwaka 2018 za leseni za shughuli za wanyama zinamtaka muuzaji mwenye leseni aweke kwenye tangazo namba ya leseni, halmashauri iliyoitoa, picha ya mnyama mwenyewe, umri wake, na nchi ya asili yake. Hiyo ya mwisho ndiyo yako. Ikiwa ni Ghana, Togo au Benin, ondoka, hata kama mtoto ameshampa jina. Ikiwa haikuandikwa, ondoka pia. Jina la nyoka lisikudanganye: utakuta dukani Kenyan sand boa, Mkenya akaona nyumbani kumemfuata, kumbe katotolewa Ulaya na ni mzima kabisa, na jirani yake mwenye jina la kifalme ndiye aliyetolewa shimoni Afrika.

Wa kumtafuta ni mzalishaji mwenyewe. Ana wazazi wa nyoka nyumbani kwake na anakuonyesha. Ana daftari: tarehe ya kutotolewa, tarehe za kula, alikula nini, alikataa lini, alijivua gamba lini. Mwambie unataka kumwona akila panya aliyeyeyushwa, au akupe video ya mlo wa karibuni. Hilo la mlo lisiachwe. Chatu wa porini kule Afrika Magharibi huzoea panya shamba, ndugu wa wale wanaomaliza mahindi Morogoro, na panya mweupe wa dukani anaweza asimtambue kama chakula. Wa kwetu alianza kula siku tulipompatia panya shamba kutoka kwa mfugaji mmoja mzee, na hao hawapatikani kila duka.

Mfugaji wa kweli atakuhoji wewe zaidi ya unavyomhoji. Kabati lina ukubwa gani, themostati ya kudhibiti joto ipo, mwenye nyumba ameruhusu, nani atamlisha nyoka mtoto akienda chuo. Mtu ambaye kituo cha basi hakusalimii, ukimuuliza habari za nyoka wake atakuweka saa nzima na chai juu. Mwache aongee. Wengi wao hukutana kwenye maonyesho ya International Herpetological Society, chama cha wapenda nyoka na watambaao wengine, kule Doncaster. Nenda, lakini kadi zisome hukohuko pia, CF inaweza kuwepo popote. Wapo pia nyoka wakubwa waliotelekezwa ambao RSPCA, shirika la kutetea wanyama, huwatafutia makazi, nao wana faida moja: kula kwao kumeshajulikana.

Kama ni wa kwanza, mimi ningechukua corn snake wa Kimarekani kabla ya chatu yeyote. Huzalishwa kwa urahisi hapahapa, hula bila maringo, na ukweli wa asili yake si mgumu kuupata. Mtoto aking'ang'ania chatu, mwepushe na rangi inayouzwa kwa jina la spider. Rangi hiyo huenda na kasoro ya mishipa ya fahamu, kichwa kinatikisika na mnyama hukosa mizani. Kagua yeyote unayemchukua: asitoe povu puani wala kupumua mdomo wazi, uti wa mgongo usichomoze, macho yasiwe na ganda la zamani. Na kumbuka chatu huyo anaweza kuishi miaka 20 hadi 30.

Matangazo ya kutuma advansi kwanza ili nyoka aletwe, achana nayo; hapo utauziwa mbuzi kwenye gunia, na mara nyingi hata gunia lenyewe halipo.

Sasa ndugu zetu nyumbani. Mjomba wangu wa Handeni ni mtu wa moyo mkubwa, na alipopata habari akasema kwa nini ninunue, yeye ataokota chatu mmoja ampe mtu anayesafiri. Mjomba, shikamoo, lakini tafadhali usithubutu. Tanzania ilizuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Juni 2022 TAWA ilitangaza kufungua mlango kwa muda na wizara ikaufunga papo hapo. Chatu wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini. Na Kenya, Mei 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walipigwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au jela miezi 12, kwa sababu ya sisimizi. Sisimizi, Mjomba. Huyo msafiri utakayempa begi ni mtoto wa mtu. Na mashangazi wanaosema nyumba yenye nyoka haiingiliki, njooni, atakuwa kabatini na kufuli, chumba chenu ni kingine.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Anayenunua awe na miaka 16 au zaidi. Kabati na joto viwe tayari kabla ya nyoka: kwa chatu, upande wa moto nyuzi 30 hadi 32, upande wa baridi kama 25. Tafuta daktari anayejua watambaao kabla hujamhitaji, na mpeleke nyoka mapema baada ya kumnunua, kwa sababu ukinunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Wateja ya mwaka 2015 inamhesabu nyoka kuwa bidhaa na inakupa siku 30 za kumrudisha mwenye kasoro na kudai fedha zako zote. Kwa mtu binafsi huna nafasi hiyo. Unachoweza kudai ni kwamba hakulingana na maelezo. Ndiyo maana kwa yeyote yule, kabla hujatoa pesa, mwambie aandike kwenye risiti kwa mkono wake: CB, nchi aliyozaliwa, tarehe ya kutotolewa, anakula nini. Akisita kuandika, mpeleke mtoto nyumbani mikono mitupu.