Kabla ya Kununua Dawa ya Viwavijeshi, Hesabu Mashina Yako

Masika iliyopita nilimpokea mwanafunzi wa kilimo aliyekuja fildi katika kata ninayohudumia, Mvomero, mkoani Morogoro. Utafiti wake ulihusu viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Kila asubuhi, jua likiwa bado halijachachamaa, ungemkuta ameinama shambani na daftari lake, akifunua jani moja moja. Wakulima walimuuliza kwa nini anahesabu wadudu badala ya kuwaua.

Jibu alilitoa siku moja chini ya mwembe. Alikuja na chupa ya maji iliyofungwa kitambaa mdomoni, ndani yake kipande cha jani chenye fungu la mayai ya kiwavijeshi, yale yenye vumbi la kijivu juu yake kama ukungu. Mayai yalikuwa yamegeuka meusi, na zaidi ya wiki ilikuwa imepita bila kiwavi hata mmoja kutoka. Badala yake walikuwa wametoka nyigu weusi wadogo kuliko punje ya ulezi, wanatembea ukutani mwa chupa. Kwa mbali ungesema ni pilipili manga iliyosagwa. Mama mmoja aliishika ile chupa akaitazama kwa muda mrefu. "Kumbe hawa wananifanyia kazi," akasema, "nami nawapiga dawa kila wiki."

Tangu siku ile nimebadili mafundisho yangu. Zamani nilianza na dawa. Sasa naanza na kuhesabu.

Kiwavijeshi vamizi asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika. Aligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 akawa ameshafika Kenya na Tanzania. Nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Wangepona wote, tusingevuna kitu. Hawaponi, kwa sababu mvua huwasomba, siafu na sisimizi huwabeba, wakubwa hula wadogo, na nyigu kama wale hutaga ndani ya mayai au ndani ya miili yao. Ukikuta kifuko cheupe mfano wa punje ya mchele kando ya kiwavi aliyezubaa, usikiguse. Humo yumo nyigu anayejiandaa kutoka.

Ukaguzi uanze mapema, mara tu mahindi yanapoota, angalau mara 2 kwa wiki. Simama sehemu 5 tofauti za shamba, na kila sehemu kagua mashina 20 yanayofuatana. Jumla ni 100, kwa hiyo idadi ya mashina yaliyoshambuliwa ndiyo asilimia yako, huhitaji kikokotoo. Ukipata kiwavi, mtazame kichwani kama ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia kama ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba.

Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunahesabu matundu. Jani lililotoboka wakati bado limejikunja ndani ya moyo wa mmea huendelea kufunguka siku nyingi baadaye, likiwa limechanika vibaya, nawe unakimbilia bomba la dawa. Kumbe kiwavi mwenyewe ameshashuka ardhini kugeuka pupa, yaani hatua ya kabla ya kuwa nondo, na dawa yako haimfikii. Hesabu dalili mbichi tu, yaani jani lililokwanguliwa likabaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, na kinyesi kibichi kama unga wa mbao moyoni mwa mmea.

Mahindi machanga yakishambuliwa mashina 20 kati ya 100, chukua hatua. Yakishakuwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele, yaani ua la kileleni, yanavumilia zaidi. Subiri yafike kama 40. Mbelewele zikishatoka, usipulizie. Kwa shamba dogo, kuponda mayai na viwavi kwa vidole ni kazi halali kabisa, na wapo wanaotia majivu au mchanga moyoni mwa mmea.

Ikilazimu dawa, nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, soma kibandiko, vaa kinga, pulizia jioni ukielekeza moyoni mwa mmea, viwavi wangali wadogo. Unapobadilisha dawa, badilisha kiambato, maana majina mawili dukani yanaweza kuwa sumu ileile.

Mwenye mifugo afikirie pia kilimo cha sukuma-vuta, kilichobuniwa na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, kwa ajili ya bungua, viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde unaofukuza nondo, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na brakiaria, nyasi za malisho zinazowavuta, pembezoni. Utafiti katika mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania ulikuta viwavijeshi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Desmodiamu hupunguza na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Msimu wa kwanza palizi yake inachosha, sitaficha.

Nawe jaribu ile chupa. Chuma jani lenye mayai, litie ndani, funga kitambaa, weka kivulini. Usihukumu kwa rangi peke yake, kwani hata mayai mazima huwa meusi yakikaribia kuanguliwa. Viwavi hutoka ndani ya siku chache, nyigu hukawia. Wakitoka viwavi, waponde. Wakitoka nyigu, nenda nao katikati ya shamba, ufungue kitambaa.