Kauli ya asubuhi na hesabu ya usiku: jinsi ya kujitamkia maneno unayoweza kuyaamini

Mwezi uliopita wifi yangu aliniambia ameacha kujitamkia kauli za asubuhi. Alikuwa na karatasi yenye kauli kumi na tano alizozinakili, zote nzuri: mimi ni jasiri, mimi ni mshindi, nimejaa amani. "Wifi, nikifika ya tatu najisikia mwongo," akasema. Nilimwelewa mara moja, maana nami nilishawahi kukaa miezi minne nikisema kila alfajiri "Mimi ni mtu mwenye subira", na kila jioni nikiwafokea wanangu. Tulikaa pamoja jioni mbili, tukaandika upya. Hivi ndivyo tulivyofanya, na ndivyo ninavyofanya mwenyewe mpaka leo.

Vifaa

Daftari moja na kalamu. Simu iache chumba kingine. Zipo programu za kukutumia kauli kila asubuhi. Nilizitumia kwa muda nikazifuta zote. Kauli zake zimeandikwa na mtu asiyekujua, tena mkono ulioshika simu kwa ajili ya kauli huwa umeshafungua ujumbe kabla sentensi haijakwisha. Kuandika kwa mkono kunakulazimisha uende taratibu. Na utahitaji kurudi nyuma usome ulichoandika wiki mbili zilizopita, jambo ambalo kwenye simu sijamwona mtu akilifanya.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja

Moja tu: hasira, woga wa kusema mbele za watu, kuahirisha kazi, wivu, uzembe katika sala. Usichague linalosikika la kiroho zaidi. Chagua lile ambalo watu unaoishi nao wangelitaja wakiulizwa.

Hatua ya 2: Andika kauli unayoweza kuiamini

Miezi yangu minne ilipotelea hapa, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake huko Kanada walichapisha utafiti kuhusu kauli za kujisifu. Watu wanaojiona duni walipoambiwa warudierudie kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakurudia kauli hiyo. Waliokuwa tayari wanajithamini ndio walionufaika, tena kidogo. Niliposoma hilo nilitulia kwa mara ya kwanza, kwani nilikuwa nikidhani tatizo ni imani yangu ndogo. Kumbe moyo ukisikia "mimi ni jasiri" huanza kuita mashahidi wa kupinga: siku ile ulinyamaza, siku ile ulijificha. Kesi inakwisha umeshashindwa, na jua bado halijachomoza.

Kiswahili kina dawa ya jambo hili ndani ya kitenzi chenyewe. Chukua subira, ambayo ndiyo ilikuwa shida yangu.

"Mimi ni mvumilivu" ni dai juu ya tabia yangu yote, na tukio la jana tu linatosha kulivunja. Nikajaribu "Nitakuwa mvumilivu". Hiyo *-ta-* huisukuma kazi mbele, na kesho yake unaisukuma tena. "Sitakasirika" ni mbaya zaidi: inataja hasira, haisemi nifanye nini badala yake, na nikikasirika mara moja tu asubuhi nimeshaivunja kwa siku nzima. "Najifunza kuvumilia" ilikuwa ya kwanza kunikaa vizuri. Ni kweli tangu siku ya kwanza, kwa sababu kushika kalamu tu ni kujifunza. Kasoro yake ni kwamba mtu anaweza kujifunza maisha yake yote bila kutenda.

Iliyofanya kazi ina *-ki-*: "Mtoto akinijibu vibaya, navuta pumzi moja kabla ya kujibu." *-ki-* inataja saa yenyewe ya kujaribiwa, na kitenzi kinachofuata kinataja tendo dogo lililo ndani ya uwezo wangu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nafanya lile", akionyesha kwamba humsaidia mtu kutimiza nia yake kuliko nia tupu. Sisi sarufi imeshatufanyia nusu ya kazi.

Kauli ya wifi tuliiandika mara tano. Shida yake ni vikao vya kazini: kila akiitwa aseme, huanza na "Samahani, labda nakosea, lakini..." Tukaanza na "Mimi ni jasiri", tukaifuta. "Sauti yangu ina thamani", akasema ni nzuri ila haimwambii afanye nini. "Sitaomba radhi", kanusho. "Najifunza kusema", karibu. Mwishowe ikatoka hii: "Nikiitwa kikaoni, naanza na jambo lenyewe." Akaisoma kwa sauti, akaisoma tena, akaitikia kwa kichwa.

Kipimo ninachotumia ni neno *lakini*. Isome kauli kwa sauti, kisha nyamaza. Kama moyoni linajitokeza "lakini", kauli ni kubwa mno, ipunguze. Endelea kuipunguza mpaka "lakini" ikose pa kushika. Usione haya ikibaki ndogo sana. Kauli yangu moja ya zamani ilikuwa "Nikiamka, nakaa kitandani dakika moja kabla ya kushika simu", na ndiyo iliyonirudisha kwenye sala.

Kuna mambo mengine yaliyotukwamisha, nayaeleza kama yalivyokuja.

Usiandike kauli inayomhusu mtu mwingine. "Mume wangu ananiheshimu" si kauli yako, ni yake. Wewe andika utakalofanya akikuheshimu au asipokuheshimu.

Usimsemee Mungu. Nimeona watu wakitamka "Mwezi huu Mungu ananipa kazi" kila siku, na mwezi ukiisha inayovunjika ni imani. Hilo ni ombi, na ombi lina umbo lake: unijalie, unipe, unifungulie. Mimi huandika kauli na dua katika mistari miwili tofauti. Kauli ni sehemu yangu: "Akinijibu vibaya, navuta pumzi." Dua ni sehemu isiyo yangu: "Ee Mungu, unitulize moyo." Nilipozitenganisha, zote mbili zikawa rahisi kutamka.

Na kama kila kauli inakusonga, uliza swali. Mtunzi wa Zaburi ya 42 haiambii nafsi yake kwamba ina furaha. Anaiuliza kwa nini imeinama, kisha anaielekeza pa kutumaini. Utafiti wa Ibrahim Senay na wenzake wa mwaka 2010 ulikuta kwamba watu waliojiuliza kama wataifanya kazi ya kupanga herufi za maneno waliifanya vizuri kuliko waliojiambia kwamba wataifanya. Kwa hiyo "Je, leo nitavuta pumzi kabla ya kujibu?" ni kauli halali kabisa. Siku ngumu ndiyo pekee ninayoiweza.

Mwisho, chini ya kauli andika sababu kwa maneno machache: "kwa sababu nataka wanangu wawe na amani wakiwa nami." Bila mstari huo, baada ya wiki utakuwa unatamka sauti tu.

Hatua ya 3: Asubuhi

Ifunge kauli kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku, kwa mfano baada ya sala au baada ya kupiga mswaki. Isome mara tatu kwa sauti ya chini, na kati ya mara na mara unyamaze kiasi cha pumzi tatu. Katika kimya hicho, lione tukio lenyewe: mlango, uso wa mtu, wewe ukivuta pumzi.

Émile Coué, mfamasia Mfaransa aliyefariki mwaka 1926, aliwafundisha watu warudie sentensi yake mara 20 asubuhi na usiku, wakihesabu kwa kamba yenye mafundo 20. Alitaka yasemwe bila juhudi yoyote, karibu kama mashine. Hapo sikubaliani naye. Nikifika mara ya sita akili imeshakwenda mbali. Ukitumia tasbihi au rozari katika ibada yako na mkono umeizoea, huenda kwako ikawa tofauti. Jaribu wiki moja.

Hatua ya 4: Usiku, fanya hesabu

Wengi hutamka asubuhi wakaishia hapo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza hili kwa mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake: asubuhi mtu anaiwekea nafsi masharti kama anavyomkabidhi mshirika mtaji, mchana anaichunga, na usiku wanakaa kuhesabu faida na hasara. Ndiyo muhasaba. Kauli ya asubuhi isiyohesabiwa usiku ni mtaji uliotolewa bila kuulizwa.

Andika mistari mitatu, usizidishe. Wa kwanza ni shukrani, jambo moja mahususi la leo; Inyasi wa Loyola, mtakatifu wa Kikatoliki, naye aliweka shukrani mwanzo wa utafiti wake wa dhamiri, yaani kujichunguza, na nimejua kwa nini: ukianza na makosa hutafika kwenye shukrani. Wa pili, eleza saa ya *-ki-* ilivyokuja na ulichofanya, kama shahidi anavyoeleza. "Alinijibu vibaya saa moja jioni, nikajibu papo hapo, sauti ilipanda." Usiandike "mimi ni mama mbaya". Hilo si tendo, na halihesabiki. Wa tatu, kesho nifanye nini tofauti.

Hapa angalizo. Kuna watu ambao hesabu ya usiku huwageukia ikawa fimbo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, alisimulia kwamba taa ikishaondolewa na mkewe akinyamaza, aliipitia siku yake nzima bila kujificha chochote, kisha akajiambia: usirudie tena, safari hii nimekusamehe. Msamaha ni sehemu ya hesabu. Ukiona kila usiku unalala mzito kuliko ulivyoanza, acha mistari miwili ya mwisho kwa wiki moja, ubaki na shukrani. Na kama unayoyaandika ni mawazo ya kutotaka kuishi, funga daftari umwambie mtu leo hii, na umwone daktari.

Hatua ya 5: Rekebisha kila baada ya wiki mbili

Soma kurasa zote. Ikiwa saa ya *-ki-* haikutokea kabisa, uliandika tukio adimu, badilisha. Ikiwa ilitokea na kila mara ulishindwa, punguza tendo. Ikiwa unaliweza mara nyingi, endelea, usirukie jambo jipya. Phillippa Lally na wenzake huko London walipofuatilia watu wanaojenga mazoea mapya, muda wa kati ulikuwa siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa sana, kuanzia 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Ukikosa, usilipe deni kwa kutamka mara mbili. Anza tu na asubuhi iliyofuata.

Siku tendo litakapokuja lenyewe, badilisha kitenzi: toka *-na-* uende *hu-*. "Mtoto akinijibu vibaya, mimi huvuta pumzi." Usiitumie *hu-* kabla ya wakati wake, maana ni umbo la jambo lililokwisha kuwa desturi. Mimi ilinichukua miezi mitano kuiandika, na nililia nilipoiandika.

Wifi bado yuko kwenye *-na-*. Juzi usiku alinisomea mstari wake wa pili: "Niliitwa, nikaanza na jambo lenyewe. Nikaomba radhi mwishoni." Kauli yake ya wiki hizi mbili ni "Nikiitwa kikaoni, naanza na jambo lenyewe, na nikimaliza natulia."