Kicheche kaingia bandani? Anza na pumba, panga weka chini kwanza

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza dawa ya kicheche. Dawa, yaani wanataka kitu cha kupuliza au kumwaga halafu mnyama ahame usiku huohuo, na nikiwaambia dawa yenyewe ni mfuniko wa pipa wanaona nawafanyia mzaha. Sasa ngoja nieleze vizuri ili siku nyingine nikiulizwa niwaelekeze tu hapa.

Kwanza tukubaliane tunamsema nani, maana wengine mtaani wakisikia kicheche wanawaza mambo mengine kabisa. Namsema mnyama. Mdogo, mzito wake ni kama kilo moja hivi, mweusi, ana mistari minne myeupe mgongoni kuanzia kichwani hadi kwenye mkia, na mkia wenyewe una manyoya mengi. Anatembea usiku na mara nyingi yuko peke yake. Watu wanamfananisha na skanki wa Marekani kwa sababu wote wana mistari na wote wananuka, lakini ni familia tofauti, huyu wetu yuko upande wa nyegere. Kwa kazi ya kumtoa nyumbani tofauti hiyo haina shida, mbinu ni zilezile.

Na harufu haiachii ovyo jamani. Ni majimaji yanayotoka kwenye tezi zilizo chini ya mkia, yakiisha mwilini inabidi yatengenezwe mengine, kwa hiyo anayatumia kwa ubahili. Kabla hajarusha anakuonya, anageuka anakupa mgongo, mkia juu, manyoya yote yamesimama, anaguna. Ukiona hivyo usipige kelele wala usimrushie jiwe, rudi nyuma polepole, tochi ielekeze chini, mwachie njia apite. Anayepata kipigo cha harufu mara nyingi ni mbwa, kwa sababu mbwa haelewi maonyo. Kuna wakati kicheche anajifanya amekufa kabisa, mbwa akisogea kunusa ndio anapata zawadi yake.

Niliwahi kuitwa na mama mmoja mfugaji, analalamika kicheche anamaliza mayai. Harufu ipo kweli, shimo lipo chini ya ukuta wa stoo, na kijana wake ameshanoa panga. Nikamwomba unga kidogo. Jioni tukanyunyiza unga sehemu mbili, mdomoni mwa lile shimo na mbele ya viota vya kuku, halafu tukaenda kulala. Asubuhi pale shimoni kuna alama ndogo zenye kucha ndefu za mbele, kucha za mchimbaji, huyo ni kicheche hana ubishi. Pale kwenye viota? Alama za mbwa. Mbwa wake mwenyewe, anapita kwenye ubao uliolegea, anakula mayai, anarudi kulala kibarazani kama mlinzi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa kicheche alikuwa anafuata nini? Tukafungua stoo, gunia la pumba limetoboka kwa chini, panya wanakula hapo, mende wamejaa nyuma ya gunia. Chakula chake kikubwa ni hicho, panya, mende, panzi, mabuu ya ardhini, hata nyoka anakula. Sisemi hagusi kuku, kifaranga akilala chini na mlango uko wazi atambeba, na yai akilikuta atakula. Ila mara nyingi unakuta anasingiziwa kazi ya nguchiro au ya kanu, yule mnyama mwembamba wa madoa anayefanana na paka, au ya mbwa kama nilivyosema. Kwa hiyo unga kwanza, hukumu baadaye.

Ukishajua anakuja kwa ajili ya panya, kazi inakuwa nyepesi. Pumba na chakula cha kuku viingie kwenye pipa lenye mfuniko unaobana, sio gunia lililokunjwa mdomo. Chakula kilichobaki kwenye vyombo jioni kitolewe, na bakuli la mbwa pia usiliache nje usiku kucha, mayai yaokotwe kabla ya giza. Shimo la taka la jikoni lifukiwe udongo kila siku au liwekewe kifuniko. Halafu angalia marundo, kuni zilizokaa chini miaka miwili, matofali, mabati ya zamani, majani yaliyoota hadi ukutani, hayo yote ni nyumba ya kupanga ya bure. Kuni zinyanyue juu ya vigingi upepo upite chini, majani yafyeke. Ukiona vishimo vidogovidogo kwenye bustani kama mtu amechokoa na kijiti, hapo anatafuta mabuu, anakusaidia kazi, mwache.

Halafu ndio uje kwenye shimo lenyewe, na hapa watu wanaharibu. Mtu anaona shimo mchana anachanganya sementi anaziba, kumbe mnyama yuko ndani amelala. Atafia humo chini ya sakafu, na harufu utakayoipata hapo utatamani ile ya kwanza, au atachimba atokee sebuleni kwako. Fanya hivi: lizibe kilegelege kwa majani makavu au gazeti lililokunjwa, subiri. Kukicha yakiwa yamesukumwa, yuko ndani au anatumia. Yakikaa usiku tatu mfululizo bila kuguswa, hamna mtu, ziba moja kwa moja. Kama bado anatumia, funga kipande cha wavu mgumu juu ya shimo kining'inie kama pazia, kifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani na kigome ukivuta kutoka nje, atatoka kuwinda na kurudi hatoweza. Lakini kabla ya hapo sikiliza, ukisikia vilio vidogo ndani maana yake kuna watoto, vumilia. Wanazaliwa hawaoni na macho yanachukua zaidi ya mwezi kufunguka, ukimfungia mama nje umewaua wote na mama atakubomolea ukuta. Wakianza kumfuata mama nje usiku ndio wakati wako.

Kuziba kwa kudumu kunataka wavu wa chuma wenye matundu madogo, kidole kisipite. Ule wavu laini wa kuku hautoshi, unazuia kuku kutoka lakini adui anaupinda. Chimba mtaro kuzunguka banda wa kama sentimita 30, shusha wavu, chini ukunje kuelekea nje sentimita 30 nyingine, fukia. Siri iko kwenye hilo kunjo, mnyama anaanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi, anakutana na wavu chini ya miguu yake mwenyewe na hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili aanzie mbali. Ukiweza kumwaga zege kuzunguka msingi ni bora zaidi, ila wavu ukiwekwa vizuri unatosha.

Pilipili, vitunguu saumu, amonia, mafuta taa, naulizwa kila siku. Zinaweza kumsumbua siku mbili, mvua ikinyesha zimekwisha, na chakula kikiwepo atazoea. Sumu kwenye yai sitaki hata kuisikia, yai hilo litaliwa na mbwa wa jirani, na siku mbaya litaliwa na mtoto. Mtego nao ukimnasa utakaa naye wapi, nani atausogelea? Na sehemu nyingi huruhusiwi kunasa mnyama pori bila kibali cha watu wa wanyamapori, waite wao. Ila kama ametumbukia kwenye shimo la ujenzi na hawezi kutoka usihangaike sana, laza ubao mrefu kimshazari, ufunge gunia ili kucha zishike, ondoka, usiku atapanda mwenyewe.

Mbwa akipigwa harufu usimwingize ndani kwanza, akijifuta kwenye kochi umepoteza kochi. Usianze na maji pia, manyoya yakiwa makavu dawa inafanya kazi vizuri zaidi. Chukua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, lita moja, robo kikombe cha beking soda, vijiko viwili vidogo vya sabuni ya maji ya vyombo. Changanya kwenye ndoo iliyo wazi, paka wakati bado inatoa povu, sugua, acha dakika tano, suuza sana. Isiingie machoni. Macho kama yamepata majimaji ya kicheche yasafishe kwa maji safi peke yake, yatawasha na kuwa mekundu lakini hapofuki. Manyoya meusi yanaweza kupauka kidogo. Ikibaki MWAGA, usiitie kwenye chupa ukafunga, inatoa gesi na chupa itapasuka. Wengine wanampaka mbwa nyanya, ila nyanya haziondoi harufu, pua yako tu inakuwa imechoka, zipike.

La mwisho sio la kuchelewesha. Kicheche anayezurura mchana kweupe, anayumba, hana woga na mtu wala mbwa, huyo usimkaribie, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, angalia saa, halafu hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni mkwaruzo, usisubiri kuona kama ataumwa kichwa. Na mbwa na paka wa nyumbani wapate chanjo yao kwa wakati, maana hao ndio wanaokutana naye usiku wewe ukiwa umelala.